Risasi nyepesi inapiga chini, nzito inapiga juu: bastola ya mtutu mfupi ina siri gani?

#1 Mkonge Damu (Tanga mjini)

Wakuu salaam. Nina rivolva ya .38 Special, mtutu wa inchi 2, inabeba risasi tano. Naimiliki kwa leseni na kazi yake ni moja: siku za kulipa vibarua natoka mjini na fedha hadi shambani upande wa Muheza, na njia ile si ya kwenda mikono mitupu.

Miaka yote natumia risasi za kawaida, kichwa cha mviringo cha greni 158 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) kisichovikwa shaba. Juzi nikapata boksi la greni 110, kichwa chenye tundu, limeandikwa +P, yaani zina shinikizo kubwa kuliko za kawaida. Muuzaji akanisifia kwamba zina kasi zaidi na ndizo za kisasa. Nikaenda nazo uwanja wa shabaha, karatasi ikawekwa mita 10, nikalenga palepale ninapolenga siku zote. Za zamani zikaingia kwenye duara jeusi. Hizi mpya zikajikusanya vizuri kabisa, lakini chini, kama vidole vitatu chini ya zile nyingine.

Akili inaniambia yenye kasi ndiyo ingepiga juu, maana haipati muda wa kushuka. Nani anipe sababu? Na la pili: kwa mtutu mfupi kama huu, hiyo risasi nyepesi inanisaidia nini hasa? Au nalipia mlio na moto tu?

#2 Mtoto wa Barabara ya 12

Huo ni mkono, mkuu. Umeambiwa ni kali, mkono ukajiandaa, ukainamisha pua kabla hujamaliza kuvuta. Bastola ndogo ina teke kubwa na mwili unaogopa bila kukuomba ruhusa.

#3 Shungi la Chumbageni

Nakaa hapa nasubiri madini. Ila #2 unamhukumu mwenzio hujamwona akipiga. Kasema zimejikusanya. Mtu anayestuka hutawanya, hakusanyi.

#4 Mtoto wa Barabara ya 12

Dada, kuna watu wanastuka kwa kiasi kilekile kila mara. Ndiyo maana hawajijui.

#5 Fundi Nguvumali

Tuache mkono kwanza. Mkonge Damu, fungua silinda, toa kila kitu, tazama matundu yote matano kwa macho kisha pitisha na kidole. Ukishajiridhisha kwamba ni tupu, chukua rula ya chuma uilaze juu ya kionea cha nyuma na cha mbele, halafu itazame bastola kwa ubavu. Utaona mtutu hauko sambamba na rula. Pua imeinama. Kiwanda kimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu baruti ikiwaka bastola huanza kuinuka wakati kichwa cha risasi bado kinasafiri ndani. Kinapofika mdomoni, pua imeshapanda ikafika panapotakiwa.

Rivolva nyingi za .38 zenye vionea visivyorekebishika zimepangwa kwa greni 158. Ukiweka kichwa chepesi chenye kasi kinatoka mapema, pua haijamaliza kupanda, kinapiga chini. Hakuna uchawi hapo.

#6 Mwalimu Korogwe

Fundi, la rula nakuunga mkono kabisa. Hilo la "kinatoka mapema" ndilo halitoshi. Kichwa chenye kasi kweli kinakaa ndani muda mfupi, lakini katika muda huo mfupi kinaisukuma bastola kwa nguvu zaidi. Mawili hayo yanafutana. Ukipiga hesabu, kinachobaki ni uzito wa kichwa na urefu wa safari yake tu.

Chukua bastola ya gramu 550. Greni 158 ni gramu 10 na kidogo. Kutoka kwenye ganda hadi mdomo wa mtutu tuseme sentimita 7. Bastola ikiwa huru, kichwa kinapotoka yenyewe itakuwa imerudi nyuma milimita 1.3. Weka greni 110, yaani gramu 7 na kidogo: imerudi milimita 0.9. Hapo hata sijagusa habari ya kasi. Na kwa kuwa mtutu umekaa juu ya kiganja, kule kurudi nyuma kunageuka kuwa kupanda kwa pua. Nyepesi inapandisha kidogo, kwa hiyo inapiga chini.

Kuhusu kushuka njiani: kwa mita 10, kichwa cha mita 200 kwa sekunde kinashuka sentimita 1.2. Cha mita 280 kinashuka sentimita 0.6. Tofauti ni kama nusu sentimita. Umbali huo mvutano wa dunia hauna sauti kubwa.

#7 Mkonge Damu

Ahsanteni sana. Rula nimeiweka na pua imeinama kweli, inaonekana wazi hata bila miwani. Mwalimu, hesabu nimeifuata hadi mwisho. Nimeipenda.

#8 Mtoto wa Barabara ya 12

Hesabu nzuri, ila imeanza na "bastola ikiwa huru". Haiko huru, Mwalimu. Imekamatwa na kiganja, kuna kifundo cha mkono, kuna kiwiko. Aliyekamata juu karibu na nyundo na aliyekamata chini kwenye mpini hawatapata matokeo sawa hata wakitumia boksi moja. Mkono umerudi mjadalani kupitia mlango wako mwenyewe.

#9 Mwalimu Korogwe

Unabadilisha ukubwa wa jibu, hubadilishi upande wake. Kamata utakavyo, nzito itapanda zaidi ya nyepesi.

#10 Binti Pangani

Salaam. Nimesimamia walinzi wenye silaha kwa muda mrefu, na hoja ya Mtoto wa Barabara ya 12 msiidharau. Kipimo kipo. Mwenzako akujazie silinda, achanganye risasi hai na zile za mazoezi zisizo na baruti wala fataki hai (fataki ni ile ya kitako cha ganda inayogongwa na kuwasha baruti), wewe usijue ipi iko wapi. Nyundo ikiangukia ya mazoezi, tazama kionea cha mbele. Kikitulia, mkono wako mzima. Kikizama, jibu unalo.

Ila nimemwona pia mtu ambaye kionea chake hakikutikisika hata chembe, na bado nyepesi zikampigia chini.

#11 Mwambao Bagamoyo

Nimesoma wote, sijaona aliyetaja baruti ndani ya ganda. Ganda la .38 Special lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na Smith & Wesson, wakati baruti nyeusi bado inatumika, na ile inajaza ganda lote. Baruti ya sasa isiyo na moshi inahitajika kidogo tu, nafasi kubwa inabaki wazi. Ukiwa umeinamisha mtutu kabla ya kulenga, baruti inakimbilia mbele, mbali na fataki. Ukianza kwa kuinua mtutu juu, inalala nyuma, karibu na fataki. Wenye mashine za kupima kasi wanajua: risasi za boksi moja, kasi mbili tofauti, kwa sababu ya namna ulivyoinua mkono.

Sasa mwenzetu akijaza hizi mpya akiwa ameinamisha bastola, akaiinua taratibu kulenga, baruti iko mbele. Anapata risasi dhaifu kuliko anavyodhani.

#12 Shungi la Chumbageni

Bagamoyo leo mmeamka! Karibuni Tanga. Waja leo waondoka leo, ila wewe ukija na madini ya namna hii utalala.

#13 Fundi Nguvumali

Mwambao, la baruti ni kweli na nimeliona. Lakini linaeleza risasi kutofautiana zenyewe kwa zenyewe, moja juu moja chini. Kundi zima kuhama pamoja, tena limebana, halielezi.

#14 Mwambao Bagamoyo

Litahama pamoja kama mtu anainua mkono kwa namna ileile kila mara. Na watu wengi ndivyo walivyo. Mwalimu kasema kasi haina maana kwa sababu ameiacha baruti nje ya hesabu. Baruti nayo ina uzito, na gesi yake nayo inasukuma.

#15 Mwalimu Korogwe

Baruti ya .38 ni chini ya nusu gramu. Kichwa ni gramu 7 hadi 10. Fanya mwenyewe.

#16 Nahodha Sahare

Mimi najibu swali la pili maana mmelisahau. Mtutu wa inchi 2 unaua nusu ya kasi. Kwa hiyo hizo +P ni kupoteza fedha, ukifika mdomoni zote sawa.

#17 Fundi Nguvumali

Nusu hapana, Nahodha. Greni 158 ya kawaida kwenye mtutu wa inchi 4 inatoka na takriban mita 230 kwa sekunde. Kwenye inchi 2 unapata mita 200 hadi 215. Umepoteza, lakini hujapoteza nusu. Inayoumia zaidi ni .357 Magnum, kwa sababu ina baruti nyingi ambayo bado inasukuma kwa nguvu mtutu unapoisha: greni 125 inayotoka na mita 440 kwenye inchi 4 inaweza kushuka chini ya mita 380 kwenye inchi 2. Ile tofauti unaiona kwa macho ikiwaka nje usiku.

Na kuna kitu watu wanakisahau wanapolinganisha rivolva na bastola ya magazini. Mtutu wa rivolva unapimwa kuanzia pale silinda inapoishia. Wa bastola ya magazini unapimwa pamoja na chumba cha risasi. Kwa hiyo inchi 2 ya rivolva si fupi kama inavyosikika, maana kichwa kimeshaanza safari ndani ya silinda.

#18 Nahodha Sahare

Na ule mwanya kati ya silinda na mtutu je? Gesi inatoka pale, tunaiona. Hiyo nayo kasi imepotea.

#19 Fundi Nguvumali

Hapo umesema. Mwanya mzuri ni sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita, unaupima kwa vipimo vya bati vile mafundi magari wanavyopimia vali. Ukipanuka kuliko hapo kasi inashuka, na vipande vya madini vinaruka pembeni. Ndiyo sababu bastola mbili za aina moja, siku moja, boksi moja, zinatoa kasi tofauti. Na ndiyo sababu nasema kila siku: usiweke kidole kando ya silinda unapopiga. Ile gesi inakata ngozi. Nimefunga kidole cha mtu aliyeshika kama anavyoshika bastola ya magazini, ukucha mweusi na nyama imechanika kana kwamba kapigwa na wembe wa moto.

#20 Binti Pangani

Ahsante Fundi kwa hilo la kidole, ningekuja kulisema.

Sasa nyepesi au nzito. Kichwa chenye tundu kimetengenezwa kipanuke kikikutana na kitu laini chenye maji. Kupanuka kunataka kasi. Kwenye mtutu mfupi kasi inaweza isitoshe, na kibaya zaidi, kikipita kwenye nguo, kitambaa kinaziba lile tundu kama gunzi kwenye mdomo wa chupa. Tundu likizibwa hakipanuki tena, kinaendelea kama kichwa cha kawaida. Kichwa chepesi kikipanuka mapema, nacho kinaishia njiani. Unapata moja ya mawili na hujui lipi.

Wamarekani walilipata somo hili kwa damu. Tarehe 11 Aprili 1986, Miami, maofisa wawili wa FBI waliuawa kwenye mapambano, na moja ya mambo yaliyochunguzwa ni risasi ya milimita 9 iliyopanuka vizuri lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni kwa mhalifu. Baada ya hapo wakaweka kipimo: kwenye jelatini ya asilimia 10, ile inayoigiza nyama ya mwili, kichwa kiingie inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 45, hata baada ya kupita nguo nzito.

#21 Shungi la Chumbageni

Nguo nzito ngapi dada? Nimewahi kuona wanafunika jelatini na tabaka nne pamoja na jinsi. Tanga hii ya jasho nani anavaa tabaka nne? Watu wako na fulana na kikoi.

#22 Mdigo Asilia

Panda Lushoto mwezi wa saba uone makoti. Mkoa ni uleule.

#23 Binti Pangani

Hata fulana moja ya pamba inatosha kujaza tundu. Tabaka nne ni kipimo cha hali mbaya kabisa. Risasi inayopita mtihani huo haitakuangusha kwenye kikoi.

#24 Nahodha Sahare

Basi turudi kwa wazee: nzito, ya mviringo, taratibu. Polisi wa Marekani walitembea na greni 158 ya mviringo miongo mingi.

#25 Mwambao Bagamoyo

Na walilalamika miongo hiyohiyo, Nahodha. Kichwa cha mviringo kinapenya kikatokea upande wa pili na safari inaendelea. Polisi wao wengi wakahamia kichwa cha greni 158 kisichovikwa shaba, chenye mabega na tundu, kwenye +P. Kile ni laini, kwa hiyo kinapanuka hata kwa kasi ndogo kuliko kilichovikwa. Kwa mtutu wa inchi 2 bado wapo wanaokiona ndicho bora.

#26 Shungi la Chumbageni

Hilo la kutokea upande wa pili ndilo linalonitoa usingizi. Nyumba zetu za Ngamiani zimeshikana. Ukuta wa udongo na mawe, dirisha la mbao, halafu mtoto wa jirani amelala nyuma yake. Anayefikiria bastola ya nyumbani afikirie kwanza nani yuko nyuma ya ukuta, greni zije baadaye.

#27 Binti Pangani

Kabisa. Na kukosa shabaha ni hatari kuliko kupenya. Inayokosa haijapunguzwa kasi na kitu chochote.

#28 Mzee wa Pongwe

Vijana shikamooni kwa elimu, maana nami leo nimejifunza. Nina kisa. Bwana mmoja aliyekuwa msimamizi wa shamba la mkonge alibaki na .38 ya Kiingereza, ile inayokunjwa katikati kama bunduki ya ndege, ipo kwenye leseni kihalali. Alinunua risasi za .38 dukani, hazikuingia hadi mwisho. Akapata rivolva nyingine ya .38, ya zamani pia, hiyo zikaingia. Lakini karatasi ilikuwa inachanika kwa urefu, kana kwamba risasi zinafika ubavu mbele. Na maganda yakitoka yamevimba katikati, mengine yamepasuka. Tukasema risasi zimeoza. Mnasemaje?

#29 Fundi Nguvumali

Marahaba si yangu, shikamoo mzee. Risasi hazijaoza. Hizo ni .38 mbili tofauti.

Ya Kiingereza, Webley au Enfield, inatumia .38 fupi iliyotokana na .38 S&W ya mwaka 1877. Ganda lake ni fupi na nene. .38 Special ni ndefu na nyembamba kidogo. Hata kichwa hakilingani: .38 Special ni inchi 0.357, ile nyingine ni 0.361. Ndiyo maana kwenye Webley ziligoma.

Hiyo ya pili naishuku ni moja ya zile Smith & Wesson zilizopelekwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili. Zilikuwa za .38 fupi, baadaye watu wakazichonga silinda ziweze kupokea .38 Special. Silinda imechongwa, mtutu haukubadilishwa. Kichwa cha 0.357 kinapita kwenye mtutu wa 0.361, hakishiki vizuri mifereji ya ndani ya mtutu inayokizungusha, hakizunguki sawasawa, kinafika kimelala. Na ganda jembamba ndani ya chumba kinene linavimba hadi kupasuka. Mzee, mwambie aache kuipiga. Na mtu asithubutu kuchonga silinda kijiweni ili risasi iingie, tafadhali sana.

#30 Mwalimu Korogwe

Naongeza: .357 Magnum ya mwaka 1935 ilirefushwa ganda kwa zaidi ya milimita 3 kusudi isiingie kwenye .38 Special. Risasi ikigoma kuingia, mara nyingi aliyeibuni alitaka igome.

#31 Mzee wa Pongwe

Nimekuelewa Fundi, nitampelekea ujumbe leo hii. Marehemu babu alikuwa akisema Waingereza walipokimbia hapa Tanga mwaka 1916 waliacha Webley Mark VI chungu nzima ufukweni, na nyuki wakiwafukuza.

#32 Mdigo Asilia

Heshima kwa babu, mzee wangu. Mapigano ya nyuki yalikuwa Novemba 1914, siku za mwanzo mwanzo, walipotua na jeshi kutoka India wakashindwa na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Mwaka 1916, mwezi wa saba, ndipo Waingereza walipouchukua mji. Na ile 1914 waliacha bunduki, mizinga ya rasharasha na risasi laki kadhaa. Webley maofisa walikuwa nazo, ila Mark VI ilianza kutumika 1915. Hapa zilifika za matoleo ya nyuma.

#33 Nahodha Sahare

Na Webley zile za .455 zilikuwa na kichwa cha greni 265 kikitembea chini ya mita 200 kwa sekunde. Nzito na taratibu! Wazee walijua.

#34 Mwambao Bagamoyo

Na walipokuja kwenye .38 walianza na greni 200 tupu, isiyovikwa shaba, wakaiacha kabla ya Vita vya Pili wakaweka greni 178 iliyovikwa, kwa kuhofia Azimio la The Hague la 1899 linalokataza risasi za kupanuka vitani. Kwa hiyo si kila uamuzi wa wazee ulikuwa wa ufundi, Nahodha. Mwingine ni wa sheria.

#35 Moderata

Nimefuta post mbili za mtu aliyeuliza pa kupata risasi bila leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo na inafanya kazi. Hapa hapauzwi, hapaelekezwi pa kununua, na msiweke picha zenye namba za silaha. Endeleeni.

#36 Kaskazi

Habari wakuu. Hakuna aliyegusa hali ya hewa yetu. Mkonge Damu, zile za zamani ulizihifadhi wapi, na hizi mpya zilikaa wapi? Baruti ikipata joto inawaka kwa nguvu zaidi, ikipoa inapungua. Boksi lililokaa juani ndani ya gari njia ya Muheza na boksi lililotoka kabatini si kitu kimoja, hata uzito ukilingana.

#37 Mkonge Damu

Zote zilikuwa begi moja, boksi jipya na zile nilizozitoa kwenye mkoba wa ngozi wa kiunoni. Za kwenye mkoba zimeanza kutu ya kijani kwenye maganda, nazifuta kwa kitambaa chenye mafuta.

#38 Fundi Nguvumali

Acha mafuta! Mafuta mepesi yanajipenyeza kwenye fataki na kuiua. Utavuta, nyundo itagonga, utasikia "tik" siku ambayo hukutaka kuisikia. Futa kwa kitambaa kikavu. Na usihifadhi risasi kwenye mkoba wa ngozi, dawa za kutengenezea ngozi zikichanganyika na chumvi ya bahari yetu hii ndiyo hiyo kijani. Zihifadhi kwenye kopo la kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Zilizokaa muda mrefu kiunoni zipeleke uwanjani zikaishe, weka mpya.

#39 Mzee wa Pongwe

Za vita za Kiingereza tulikuwa tunaambiwa tuoshe mtutu kwa maji ya moto baada ya kupiga. Vijana wa sasa wakisikia maji wanashangaa.

#40 Fundi Nguvumali

Ni sahihi mzee. Fataki za zamani ziliacha chumvi, na chumvi inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Maji ya moto, kausha vizuri, ndipo mafuta. Ukiiacha usiku mmoja kwa unyevu wa Raskazone, asubuhi mtutu una vipele.

#41 Kaskazi

Basi nasema hivi: hizo za kiunoni zilipata joto la mwili na jua miezi mingi, zimebadilika. Yule anayelinganisha greni 110 mpya na 158 zilizochoka halinganishi uzito peke yake. Anunue boksi jipya la 158 kwanza.

#42 Mwalimu Korogwe

Hapo Kaskazi umeniridhisha. Jaribio lilihitaji kubadilisha kitu kimoja, vilibadilika viwili.

#43 Mtoto wa Barabara ya 12

Na akirudi uwanjani aegemeze mikono kwenye mfuko wa mchanga, Binti Pangani amjazie silinda. Nyepesi zikipanda usawa wa nzito, mtaniletea pilau Barabara ya 12.

#44 Binti Pangani

Zisipopanda utaleta wewe, na iwe ya nyama ya mbuzi. Ila tahadhari: mtutu ukigusa mfuko, shabaha inahama yenyewe. Egemeza mikono tu.

Na kwa wenye mkono mwepesi ningependekeza kitu ambacho hakijatajwa: risasi za shabaha za greni 148, kichwa bapa kilichozama ndani ya ganda. Teke ni dogo, mlio mdogo, na hazitegemei kupanuka. Uso bapa unakata tundu safi la duara kwenye karatasi, na kwenye jelatini zinapenya vya kutosha hata kutoka mtutu wa inchi 2. Walinzi wangu wanawake walioogopa +P wamepiga vizuri mno kwa hizi.

#45 Nahodha Sahare

Nazijua, ila kuzijaza upya kwa haraka ni shida. Kichwa ni bapa, hakina ncha ya kutafuta tundu. Mikono ikitetemeka zinagota kwenye ukingo wa silinda.

#46 Binti Pangani

Tano za kwanza ziwe bapa, za akiba mfukoni ziwe na ncha ya mviringo. Ndivyo tunavyofanya.

#47 Mwambao Bagamoyo

Utakuwa na shabaha mbili kwenye bastola moja. Si ndiyo ugonjwa ulioleta uzi huu?

#48 Fundi Nguvumali

148 na 158 zimekaribiana, tofauti kwa mita 10 ni ndogo. Mimi naogopa kingine. Rivolva za siku hizi za aluminiamu na titani ni nyepesi mno. Teke linarudisha bastola na maganda nyuma kwa ghafla, vichwa vya zile ambazo hazijapigwa vinabaki nyuma ya mwendo na kujitoa kwenye maganda kidogo kidogo. Kimoja kikichomoza mbele ya silinda, silinda haizunguki tena na bastola imekufa mkononi. Jaza tano, piga nne, toa ya tano uipime urefu kwa vernia na mwenzake wa kwenye boksi. Ikiwa imerefuka, boksi hilo halifai kwa bastola hiyo.

#49 Mwambao Bagamoyo

Hilo ni kosa la kiwanda kubana mdomo wa ganda vibaya, uzito wa bastola usiusingizie. Nina ya aluminiamu, sijaona kichwa kuhama hata kwa greni 158.

#50 Fundi Nguvumali

158 iliyovikwa shaba au tupu?

#51 Mwambao Bagamoyo

Iliyovikwa.

#52 Fundi Nguvumali

Jaribu tupu, kwa +P, upime ya tano.